Ala Moja, Kazi Mbili: Kisa cha Mbeba Bastola wa Mombasa

Sababu ya kukieleza

Ninafundisha kulenga shabaha kwa bastola huku Pwani, na siku za mashindano husimama uwanjani kama mwamuzi. Kisa hiki kilipita mbele ya macho yangu tangu mwanzo, na kosa moja kati ya makosa yake ni langu mwenyewe. Jina, biashara na kila kitu ambacho kingemtambulisha mhusika nimekiondoa.

Nakiandikia wenye cheti cha silaha na wanaokaribia kukipata. Nimeona wengi wakikesha miezi wakiwaza wanunue bastola gani, kisha wakatumia dakika tano kuwaza wataitia ndani ya nini. Ala, au holsta kama wengi wetu tunavyoiita, ndiyo inayokaa mwilini mwa mtu saa kumi na mbili kwa siku. Bastola yenyewe huenda isichomolewe kwa haja maisha yake yote.

Usuli

Nitamwita Kombo. Ana miaka arubaini na kitu, mfupi wa kimo, kitambi kidogo, na duka la jumla kisiwani. Jioni hubeba mauzo ya siku, na mara mbili kwa wiki huvuka Likoni kwenda kukusanya pesa kwa wateja wake. Aliporwa mara mbili. Mara ya pili alipigwa hadi akalazwa. Akaomba cheti kwa Bodi ya Leseni za Silaha, akapitia uchunguzi wote unaotakiwa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na alipopewa akanunua Glock 19 ya milimita 9.

Ni bastola ya wastani. Mtutu wake una milimita 102, na ikijazwa risasi 15 ina uzito wa karibu gramu 850. Jambo moja lazima lieleweke kabla ya yote: haina kitufe cha usalama cha kubonyeza kwa dole gumba. Ina kinga zake za ndani, na iliyo nje ni ulimi mdogo katikati ya triga, yaani kifyatulio, ambao kidole huubana pamoja na triga yenyewe. Ulimi ule unaizuia triga isisogee bastola ikianguka au ikiguswa ubavuni. Lakini kikiingia kitu mbele ya triga na kusukumwa nyuma, kiwe kidole, pindo la shati au kipande cha ngozi, bastola haina namna ya kutofautisha. Kwa bastola ya aina hii holsta ndiyo kitufe cha usalama ambacho haikuzaliwa nacho.

Sasa mtu wenyewe na mji wake. Kombo huvaa shati jepesi la kitani, rangi isiyokolea, juu ya suruali. Ijumaa huvaa kanzu. Huinua maboksi, huchuchumaa kuhesabu bidhaa za rafu ya chini, huketi kwenye kigoda, hupanda tuktuk, hubanwa na watu kwenye feri. Na kuna joto letu. Msimu wa kaskazi, hasa Januari hadi Machi, mtu hutoka jasho akiwa ameketi. Nasihi nyingi za kubeba bastola kwa siri ziliandikwa na watu wa Marekani wanaovaa jaketi. Sisi hatuna jaketi la kufichia kitu.

Isitoshe, Kombo alikuwa na hamu ya mashindano. Alikwisha kuona watu wakishindana kwa kanuni za IDPA, mchezo ulioanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wanaobeba bastola za kujihami, ambapo kwa kawaida mshindani huchomoa akiwa na vazi la kuficha. Akasikia pia habari za IPSC, mchezo wa mwaka 1976, wenye mbio zaidi na holsta zilizo wazi. Akaniambia, "Maalim, nataka holsta moja tu. Ya dukani na ya uwanjani. Nikizoea moja nimemaliza."

Hoja hiyo si ya kijinga. Mkono uliozoea pahali pamoja hauulizi njia. Sikumpinga, na hapo ndipo tulipoanza kuteleza.

Holsta ya kwanza: kazi ya fundi wa makubadhi

Kombo alikuwa na fundi wake wa ngozi, mzee anayeshona makubadhi na pochi. Kwa busara hakumpelekea bastola. Kumkabidhi silaha mtu asiye na cheti ni kosa, hata kama ni kwa kupimia tu. Aliilaza bastola tupu juu ya kipande cha boksi nyumbani kwake, akaichora kwa kalamu, akampelekea fundi mchoro.

Fundi akatengeneza ala nzuri kwa macho. Ngozi laini ya mbuzi, uzi mweupe, pindo limekunjwa kwa ustadi, klipu moja ya chuma ya kubana kwenye mshipi kwa ndani ya suruali. Alipoivaa mara ya kwanza Kombo alisema haisikiki, na kweli haikusikika. Ilijikunja kufuata mwili kama soksi.

Wiki tatu za mwanzo zilikuwa njema. Kisha jasho likaingia. Ngozi laini hunywa jasho, na ikishiba hulegea. Bastola ikichomolewa, mdomo wa ala ukawa unajifunga kama mfuko mtupu, ikabidi Kombo aufungue kwa vidole vya kushoto ndipo arudishe bastola. Hilo hakunieleza. Aliliona dogo.

Asubuhi ya zoezi

Ilikuwa mwezi wa pili, saa tatu asubuhi, jua limeshakolea. Mashindano madogo ya wanachama. Zoezi la Kombo lilikuwa rahisi: asimame mikono ubavuni, shati limefunika, kengele ikilia achomoe na kupiga shabaha tatu.

Kabla ya kengele kuna amri ya kujaza na kujiandaa. Mshindani hutia magazini, kibebeo cha risasi, huvuta slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, risasi ipande chemba, tundu lake nyuma ya mtutu, kisha huirudisha bastola kwenye holsta. Watu huogopa kuchomoa. Mimi nikiwa mwamuzi naogopa kurudisha, maana wakati ule bastola imejaa, mtutu unaelekea chini karibu na nyonga ya mwenyewe, na akili ya mtu imeshakwenda kwenye kengele.

Nilisimama kuliani kwake, umbali wa kumgusa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika shati juu, kama nilivyomfundisha. Kwa hiyo haukuwapo mkono wa kufungua mdomo wa ala. Akaupapasa kwa ncha ya mtutu, akaupata, akasukuma. Bastola ikaingia nusu, ikagoma. Akasukuma tena.

Nikaona pindo. Ukingo wa ngozi wa upande wa nje, mweusi kwa jasho, ulikuwa umepinduka kwa ndani na kuingia kwenye upinde wa triga. Umekunjika kama sikio la mbuzi. Kila alipokuwa akisukuma chini, mkunjo ule ulikuwa ukiisukuma triga nyuma.

"Simama! Usisukume. Kidole nje."

Akasimama. Nilimshukuru Mungu kwa hilo kwanza, maana wapo ambao husukuma mara moja zaidi wamalize. Nikamwambia aivute juu taratibu, moja kwa moja bila kupinda, aielekeze kwenye tuta la udongo linalopokea risasi, atoe magazini, avute slaidi. Risasi ya chemba ikadondoka mchangani. Nikakagua kwa jicho na kwa kidole: tupu.

Baadaye, bastola ikiwa tupu na risasi zote zimewekwa mbali, tulirudia jambo lile mezani, mtutu ukielekea kwenye tuta. Ala ile ile yenye unyevu, mkunjo ule ule. Msukumo wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu: *tak*.

Kombo akakaa juu ya kreti ya soda. Alikuwa ameweka mkono juu ya paja lake la kulia na hakuuondoa kwa muda mrefu.

Uamuzi wa siku ile

Aliomba aazime holsta ya mwenzake aendelee. Nikakataa. Kanuni za IPSC zinapiga marufuku holsta yoyote inayoacha triga ifikiwe au ibonyezwe bastola ikiwa ndani, na mwamuzi akiona holsta si salama ana haki ya kuikataa. Lakini sikukataa kwa kanuni. Nilikataa kwa sababu mtu ambaye mikono yake inatetemeka hapewi kifaa asichowahi kukitumia, kisha akaambiwa akimbizane na saa. Akabaki anaangalia wenzake. Hakufurahi, na sikumlaumu.

Ala ile nikamwomba aniachie.

Kosa langu: holsta ya pili

Wiki iliyofuata akaniuliza anunue ipi. Holsta nzuri huku huagizwa, na gharama ya kuagiza wakati mwingine hulingana na holsta yenyewe. Nikamhurumia mfuko. Nikamwambia anunue moja ya Kydex ya kuvaa nje ya mshipi, aina ya mashindano, kisha akiwa dukani avae shati refu kidogo. Mawazo yangu yote yalikuwa bado kwenye ule mkunjo wa ngozi, na kwa hilo Kydex ilikuwa jibu. Ni plastiki ngumu iliyotokea miaka ya 1960 na hutumika hata ndani ya ndege. Hupashwa moto ikafinyangwa juu ya umbo la bastola ya aina moja maalumu, na ikipoa haikunjiki kwa jasho. Mdomo wake hubaki wazi.

Uwanjani ilimfaa sana. Ila holsta za mashindano hukaa chini kidogo na mbali kidogo na mwili, mkono upate nafasi ya kukamata mpini kwa haraka. Katika daraja la Production la IPSC, la bastola za kawaida za kiwandani, umbali wa kifaa kutoka upande wa ndani wa mshipi hauruhusiwi kuzidi milimita 50. Milimita 50 ni halali kwa mashindano. Chini ya shati la kitani, upepo wa bahari ukivuma, ni nundu.

Ikawa hivi. Kombo alikwenda benki. Mlangoni akainua mikono akaguliwe, shati likapanda, mlinzi akaona mpini. Mlinzi hakukosea: aliona silaha. Akarudi nyuma akipiga kelele, askari akasogea, watu wakalala chini. Karatasi za Kombo zilikuwa sawa, na baada ya kama dakika ishirini wakamwachia. Lakini mtaa ulikwisha kuona. Kufikia Alasiri hamali wa dukani kwake alimwuliza kwa heshima, "Bosi, ni kweli unatembea na chuma?"

Alikuwa na cheti cha kubeba. Siri ya kubeba ndiyo iliyokuwa imempotea. Mwizi akijua una bastola hatakuja kama alivyokuja zamani. Atakuja kwa nyuma, na atakuja kwa ajili ya bastola. Kombo akaifungia kwenye sefu mwezi mzima, akarudi kubeba pesa bila kitu.

Kuanza upya, kwa siku yake si kwa holsta

Alipopiga simu tena sikumwambia anunue nini. Nilimwomba aniandikie siku moja, tangu anapoamka hadi analala, na kila anachofanya kwa kiwiliwili. Karatasi ile ninayo. Kuinama mara nyingi, kuchuchumaa, kuinua mikono kwenye rafu ya juu, mkanda wa gari, kigoda, ngazi za feri, umati, na sala.

Sala ndiyo iliyotufungua macho. Kwenye rukuu shati hutelezea mbele na kiuno cha nyuma hubaki wazi mbele ya safu nzima. Tulijaribu kila pembe na hakuna holsta iliyofaa. Tukaamua kwamba kwa sala bastola haibebwi. Inabaki kwenye sefu iliyofungwa kwa bolti ukutani, dukani au nyumbani. Na siku ya kanzu haibebwi kabisa, kwa sababu kanzu haina mshipi na mkoba haubaki kiunoni. Mkoba huwekwa chini, husahauliwa, hunyang'anywa. Kombo alinung'unika kidogo kuhusu Ijumaa, kisha akakubali kwamba Ijumaa pesa zichukuliwe na gari la kampuni ya ulinzi.

Uamuzi huo ukazaa mwingine. Kama bastola itavuliwa na kuvaliwa mara kadhaa kwa siku, basi ivuliwe pamoja na ala yake. Isichomolewe. Kila mara bastola iliyojaa inaposhikwa nje ya ala ni nafasi ya ajali. Ikitoka kiunoni ikiwa ndani ya ala, triga imefunikwa muda wote. Kwa hiyo tukatafuta holsta yenye klipu madhubuti za kubana na kubandua, tukaacha ile yenye vitanzi vya kupitishia mshipi.

Na tukakubaliana kwamba zitakuwa holsta mbili, mahali pamoja. Ya kila siku ni ya Kydex, ya ndani ya suruali, klipu mbili zilizoachana, ukuta wa kuzuia jasho upande wa mwili, imeinama mbele kwa karibu nyuzi 15. Mwinamo ule una kazi yake. Watu hudhani mtutu mrefu ndio unaowasaliti. Mtutu umeshaingia ndani ya suruali. Kinachojichora shatini ni mpini, na ukiinamisha mpini ukalala sambamba na mbavu, nundu hupotea. Ya mashindano ikabaki ile ile ya nje, ila tuliisogeza na kuipandisha mpaka mpini ukawa karibu na pale ulipo mpini wa holsta ya ndani.

Hapa kuna jambo la lugha ambalo lilitupotezea wiki nzima. Maelezo ya Kizungu hutaja mahali pa holsta kwa uso wa saa: kitovu ni namba 12, nyonga ya kulia namba 3, uti wa mgongo namba 6. Mimi nikamwambia Kombo kwa Kiswahili changu, "Weka saa kumi," yaani pale mshale unapogusa namba 4. Yeye akazihesabu namba, akaipata kumi ipo mbele kushoto. Akaja ameivaa kushoto, akichomoa kwa kuvusha mkono tumboni, mtutu ukipita kwa kila aliyesimama ubavuni mwake. Siku hizi sitaji saa. Nasema: "Tafuta mfupa wa nyonga ya kulia, nenda nyuma vidole viwili."

Mshipi nao. Alikuwa akivaa mshipi laini wa suruali ya kazi, na holsta yoyote juu ya mshipi laini huyumba. Tukachukua mshipi wa tabaka mbili, upana wa milimita 38, wenye uti mgumu ndani. Kama angenunua mshipi ule siku ya kwanza, hata ile holsta ya pili isingechomoza vile.

Majaribio

Kwa wiki mbili holsta haikutoka nyumbani. Bastola tupu, imekaguliwa mara mbili, risasi kwenye chumba kingine.

Tuliigeuza ala juu chini juu ya godoro na kuitikisa: bastola ibaki ndani. Akakaa, akachuchumaa, akainuka, akapanda ngazi. Akaingia kwenye gari akafunga mkanda, na tukaona kifungo cha mkanda kinagonga mpini. Hilo lilitaka mazoea, halikutaka holsta nyingine. Mkewe akawa mkaguzi. Yeye ndiye aliyesimama nyuma yake sebuleni na kusema, "Babake, ukifika kwenye ile rafu ya juu naiona." Mashati ya kitani yakaacha nafasi kwa mashati ya maua maua, mapana kwa saizi moja, pindo lililonyooka. Jicho hupotea kwenye maua. Chini yake fulana ya pamba, ili plastiki isile ngozi ya mwili.

Kisha mazoezi ya kuchomoa na kurudisha bila risasi, kila siku robo saa. Kuchomoa aende apendavyo. Kurudisha ni polepole kila mara: shati juu kwa mkono wa kushoto, macho yatazame mdomo wa ala, kidole kimenyooka ubavuni mwa slaidi, nyonga isogee mbele kidogo ili mtutu usiuelekee mwili. Bastola ikigoma, haisukumwi. Hutolewa na kuangaliwa. Nilimwambia, na nawaambia wote: hakuna saa inayopima kurudisha. Hata mashindanoni muda husimama kwenye risasi ya mwisho.

Matokeo

Miezi minane baadaye Kombo hubeba siku tano kwa wiki. Benki ile ile huiendea bila chuma. Hupitia nyumbani kwanza, akaiweka. Hamali wake alimwuliza kama aliuza ile kitu, naye akamjibu kwa swali la mzigo wa sukari.

Ameshiriki mashindano manne. Hajashinda. Katika mawili ya kanuni za IDPA alitumia holsta ya kila siku chini ya shati la kazini, na nafurahi kuliko kama angeshinda, kwa sababu alichokuwa akikipima pale ni kile kile anachokivaa Likoni. Alama zake zilikuwa chini kuliko anapotumia holsta ya nje. Mpini uliobanwa kiunoni haukamatiki kwa haraka hiyo, na hilo ndilo bei ya kuficha.

Si kila kitu kilinyooka. Mwezi wa tatu wa kuvaa, skrubu moja ya klipu ililegea na kupotea, holsta ikaanza kuzunguka akiwa kwenye tuktuk. Ilibaki klipu ya pili. Sasa skrubu zina gundi yake na alama ya rangi, na Jumamosi hukagua kama alama zimesogea. Chumvi nayo ilikula. Vidoa vya kutu vilitokea kwenye vyuma vidogo na kwenye risasi ya juu ya magazini, ingawa slaidi ya Glock yenyewe huvumilia kutu vizuri. Akawa anaifuta kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Na mchanga wa uwanjani ukiingia kati ya plastiki na chuma huchuna rangi kama msasa. Hilo tumeliacha. Mikwaruzo haiui mtu.

Uchambuzi

Ala ya kwanza ilikuwa na upungufu wa aina moja tu, na ulitosha. Haikufinyangwa, mdomo wake haukuwa na uti, kwa hiyo haikuweza kubaki wazi bila bastola ndani. Ngozi si mbaya. Ngozi nene iliyolowekwa, ikafinyangwa juu ya umbo na kutiwa uti mdomoni hufanya kazi hii tangu zamani. Ila ngozi ina umri, na kwa jasho letu umri huo ni mfupi. Aliyevaa ala ya ngozi Mombasa aitazame mdomo kila wiki, na siku utakapokunjika kwa kidole, aitupe.

Dalili ilikuwepo. Wiki kadhaa Kombo alikuwa akifungua ala kwa mkono wa pili, na mimi mwalimu wake sikuwahi kumwambia anionyeshe anavyorudisha bastola. Nilitazama anavyochomoa, nikapima sekunde. Siku hizi mwanafunzi mpya hunionyesha kurudisha kwanza, bastola ikiwa tupu, mara kumi, kabla sijamwona akichomoa hata mara moja.

Ushauri wa holsta ya pili ulishindwa kwa sababu nilitibu jeraha la jana. Nilitaka triga ifunikwe, ikafunikwa, na sikuuliza swali la pili: mtu huyu atakuwa wapi na ameinua mikono namna gani. Gharama niliyotaka kumwokolea aliilipa mara mbili, na juu yake akapoteza siri ambayo haiuzwi popote. Hamu ya holsta moja kwa kazi zote mbili nailaumu nusu tu. Alichokitaka Kombo ni mkono uende pahali pamoja, na hilo lilikuwa sahihi. Tulipolipata kwa holsta mbili zilizowekwa mahali pamoja, alikuwa amepata alichokuwa akikiomba tangu siku ya kwanza.

Lililofaa kuliko yote ni karatasi ya siku yake. Ilituonyesha pia saa ambazo bastola haifai kuwepo, na sidhani tungezifikia kwa kupekua picha za holsta. Mkewe kuwa mkaguzi lilitokea kwa bahati. Mimi nisingeiona ile rafu ya juu.

Habari za fundi

Kombo alirudi kwa fundi wake wa makubadhi. Safari hii alimpelekea umbo la bastola la plastiki gumu, lile la samawati linalotumika kufundishia, lisilo na chemba wala triga inayosogea. Akamweleza yaliyotokea. Mzee alisikiliza, akaomba aione ile ala ya kwanza, tukampelekea. Aliupindua mdomo wake kwa kidole mara kadhaa, kisha akasema, "Mwanangu, uliniambia mfuko. Nikakushonea mfuko."

Ya pili aliishona kwa ngozi nene ya ng'ombe, akailoweka, akaifinyanga juu ya lile umbo kwa siku mbili, na mdomoni akatia bamba jembamba la chuma kati ya tabaka mbili. Tumeijaribu kama tulivyoijaribu ile nyingine. Kombo huivaa msimu wa kusi, upepo ukiwa umepoza mji, na kaskazi ikirudi huitundika. Ile ya kwanza ipo kwenye meza ninayofundishia. Imeshakauka zamani, na pindo lake limebaki limekunjika vile vile.